Marehemu wa Safu ya Tatu

Mutuini nzima ilijua kwamba Wangu, mjane wa Mzee Kiarie, alikuwa na watoto wanne: watatu aliowazaa, na mmoja aliyekuwa mbunge Uingereza. Huyo wa nne hakuna aliyewahi kumwona, lakini habari zake zilijulikana kuliko za chifu.

Jina lake lilikuwa Gerald Wickstead. Wangu alimlea kule Lavington tangu uchanga, enzi alizokuwa yaya, katika nyumba ambayo memsahib aliamua kwamba jina Wangu ni zito mno kwa ulimi wake, akambatiza Rosi bila maji wala mchungaji. Mtoto naye akamwita Rosi. Wangu yeye akamwita Kanyoni, yaani kindege, kwa vile alikuwa akiachama kabla kijiko hakijafika. Kijana alipokaribia miaka saba, Wangu akashika mimba ya mwanawe Kiragu. Memsahib akampa mshahara wa mwezi na blanketi, akamtaka aondoke mapema, mtoto akiwa bado amelala, maana hakutaka kelele.

Tangu hapo Wangu alimlea kwa redio.

Na hakuna mwanasiasa wa Uingereza aliyewahi kulelewa vizuri vile. Kanyoni alipochaguliwa mara ya kwanza, kuku alichinjwa Mutuini. Alipofanywa waziri kivuli, Wangu alisumbuka sana, asielewe mtu mzima anakabidhiwaje kivuli, mpaka mwalimu wa shule ya Jumapili alipomweleza kwamba ni kama waziri, ila wa upinzani: hana gari, hana bendera, anangoja tu. Siku hiyo akachinja kuku mdogo. Kanyoni alipotupwa nje ya baraza hilo la vivuli, Wangu alifunga kula, na kuku wakapata kupumua. Kisha chama chake kikashinda, naye baadaye akawa waziri kamili wa misaada. Jogoo mwenyewe akaenda na habari hiyo, na majirani waliomtegemea kuamka wakachelewa kazini.

Akina mama wa gildi, chama cha wanawake wa kanisa la Waithaka, walikuwa wakimsikiliza kwa upole wa watu wanaomsikiliza mgonjwa.

"Mama Kiragu," mwenyekiti wao, Mama Njambi, alizoea kumchokoza, "huyu mtoto wako wa Ulaya hata salamu za Krismasi hatumi?"

"Ana kazi nyingi."

"Hata mwanangu wa Thika ana kazi nyingi. Lakini akikwama, hupiga simu."

Basi mwaka wa 2004 habari ilipofika kwamba waziri huyo angehutubu katika ukumbi mmoja katikati ya jiji, na kwamba waandalizi walitaka akina mama wa mashinani wa kujaza viti, na kwamba gildi ya Waithaka ilikuwa imepata mwaliko, Wangu alipiga magoti. Hakuomba pesa. Hakuomba tiketi ya ndege. Aliomba Kanyoni amsalimu mbele ya wale akina mama. Akimwita Rosi tu, yatosha.

Akaenda na mjukuu wake Becky, aliyekuwa nyumbani kwa likizo fupi ya shule ya bweni, amtafsirie Kiingereza. Becky alikuwa mtafsiri hodari asiyeaminika. Shuleni alishawahi kutangaza kwenye paredi kwamba ugali umefutwa na wizara, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa kwa machozi. Lakini nyanya yake hakuwa na mwingine.

Walikaa safu ya tatu. Waziri akapanda jukwaani: mrefu, mwenye upara, suti ya kijivu. Wangu alimtazama mdomo, akamwona kindege wake pale pale.

"Anasema Kenya ni nchi nzuri, watu wake wakarimu," Becky akanong'ona. "Hilo huwa hawalimaanishi, Shosho. Ni kama kusafisha koo."

"Tafsiri, usihubiri."

"Anasema alizaliwa hapa. Alilelewa na mama mmoja Mwafrika, akamfunza... Shosho! Amesema Rosi! Wallahi amesema Rosi!"

Wangu akanyoosha kitambaa chake cha kichwa. Akageuka taratibu kumwangalia Mama Njambi, aliyekuwa safu ya nyuma. Watakatifu hawahitaji kusema. Kisha akageukia mbele, akangoja, lakini Becky alikuwa ameacha kutafsiri.

"Endelea."

"Spika zinakwaruza."

"Becky."

"Anasema Rosi alikufa."

"Lini?" aliuliza Wangu, kama mtu aliyekosa kupewa taarifa.

"Yeye akiwa na miaka saba. Anasema ulikuwa na mimba, hospitali ikawa mbali, ukafia njiani. Ndiyo maana akaingia siasa. Anasema anataka kuanzisha mfuko wa akina mama waja wazito, uitwe kwa jina lako. La marehemu."

Kwanza Wangu hakuumia. Alielewa. Mtoto aliamka asubuhi ile akauliza Rosi yuko wapi, akalia, akakataa uji, na memsahib akatafuta neno la kumaliza maswali. Maskini Kanyoni! Miaka yote hiyo akimlilia mtu anayekama mbuzi Mutuini! Wangu alishika kiti cha mbele ainuke, amwambie, nyamaza baba, niko hapa.

"Sasa anasema alienda kwenye mazishi," Becky akaendelea. "Anasema alitupa udongo kaburini kwa mkono wake."

Waziri aliuinua mkono huo. Kamera zikamulika.

Wangu akakiachilia kile kiti. Uongo wa kifo angeweza kumwachia memsahib, naye alishakwenda zake kujibu mbele ya Mungu. Lakini kaburi hilo nani alilichimba? Alijaribu kumtafutia mtoto wake wakili moyoni, akamkosa.

"Shosho, simama useme!"

"Mbele ya hawa wote wa magazeti?"

"Ndiyo, mbele yao! Waandike!"

"Wakiandika, atakuwa amekwisha." Alikuwa ameisikiliza redio ya watu hao, ile ya Kiswahili, tangu Kiragu akiwa na nepi. Alijua kwao waziri haanguki kwa wizi mkubwa, huanguka kwa kijisentensi. Na asubuhi hiyo hiyo redio ilikuwa imesema huenda siku moja akaongoza chama.

Mshereheshaji akawaomba wote wasimame kwa dakika moja kumkumbuka marehemu. Wangu akasimama. Magoti yake yalikuwa na maumivu ya siku nyingi, hivyo ilibidi marehemu ashikwe kiwiko na mjukuu wake. Akainamisha kichwa, akajipa heshima za mwisho. Nyuma yake akina mama wa gildi walifumba jicho moja kila mmoja, na kwa lile jingine wakamtazama yeye.

Kisha waziri akashuka kusalimu watu, safu kwa safu. Wangu alikuwa ameapa kufunga mdomo. Lakini mkono ule ulipoingia katika mkono wake, mkubwa, wenye joto, mdomo ukajiendea wenyewe.

"Kanyoni."

Waziri akasimama. Vidole vyake vikakaza. Masikio yakaanza kuiva kutoka chini kwenda juu, kama siku alipolamba bakuli la sukari akaulizwa ni nani. Alimtazama Wangu machoni, na mahali hapo Becky hakuwa na la kutafsiri. Midomo ikamcheza.

"Waziri, huku tafadhali!" mpiga picha akaita.

Akaangalia huko.

"Asante sana, mama," akasema kwa Kiswahili, kwa ile sauti ya kumsalimu mama yeyote, akashika mkono uliofuata.

"Amekujua!" Becky akataka kumfuata. "Shosho, amekujua kabisa!"

"Najua," Wangu akasema, akamshika sweta asiende popote.

Nje, kwenye ngazi, gildi walingoja basi la kanisa wakila keki walizopewa. Wangu alikuwa amejitayarisha kwa kicheko. Hakikuja. Mama Njambi alikaa kando yake akamkatia nusu ya keki yake, na hilo lilimuuma zaidi.

"Mama Kiragu, sisi tumezeeka," alisema polepole. "Mtu akijitungia kitu kidogo cha kumfurahisha jioni, Mungu hawezi kukasirika. Ulikuwa mchezo tu, sivyo?"

"Si mchezo!" Becky akaruka. "Huyu ndiye—"

"Becky. Kaa chini."

Gari lenye bendera likatoka langoni, vioo vimefungwa, likapinda kona likaenda.

"Ulikuwa mchezo," Wangu akasema.

Akina mama wakaguna kwa huruma. Mama Njambi akapangusa makombo mapajani. "Na huyo Rosi mwenyewe, angalau ulimjua?"

"Nilimjua."

"Alikuwa mtu wa aina gani?"

Wangu akafikiri. "Alimpenda sana yule mtoto," akajibu, na machozi yakaanza kumtoka.

Wakadhani ni aibu inayomliza. Basi akina mama wa gildi, bila kuambiana, wakasimama wakamzunguka na kumpa migongo, sare zao zikawa pazia, ili wapita njia wasimwone.