Mkasi wa Fundi na Sauti ya Nyuma ya Pazia

Fundi cherehani alipopelekwa hospitali, mwili ulikuwa hoi lakini mdomo ulikuwa mzima kabisa. Alipofika mlangoni aligeuka, akanyoosha kidole kwenye gauni la harusi la binti yake, lililoning'inia ukutani bila mikono wala pindo, akatangaza: "Gauni la mtoto asiliguse mtu mpaka nirudi!"

Hakurudi. Na kwa kuwa hakurudi, mkewe hakuligusa.

Huyo mkewe walimwita Mama Vishikizo, maana vishikizo vyote vilivyotoka dukani kwao alivishona yeye. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na kicheko cha kusikika mtaa wa pili, lakini tangu msiba ule alikuwa kama redio iliyoishiwa betri. Harusi ilikuwa mwisho wa mwezi. Binti alibembeleza, akanuna, akalia.

"Basi mama, nilipeleke kwa fundi mwingine?"

"Thubutu!"

"Umalize wewe, basi."

"Baba yako amekataza. Nitamvunjiaje neno lake la mwisho?"

Hapo ndipo msusi wa duka la jirani alipoleta habari za Mama Pazia, mwanamke anayezungumza na marehemu. "Nenda ukamuulize Fundi mwenyewe, yaishe," alisema. Zamani Mama Vishikizo angemcheka mpaka ashike mbavu. Safari hii aliuliza tu, "Anakaa wapi?"

Mama Pazia alikuwa na sebule yenye kochi, feni inayolalamika, na pazia zito jekundu lililogawa chumba. Alimpokea Mama Vishikizo vizuri, akampa pole, akamdodosa habari za marehemu mpaka zikaisha zote, kisha akaingia nyuma ya pazia. Mara ikatoka sauti nzito ya kiume: "Mke wangu, ua la moyo wangu, niko salama."

Mama Vishikizo alilia kwa kwikwi. Ni kweli kwamba Fundi, alipokuwa hai, alimwita "wewe," na siku akiwa na furaha sana, "wewe mwanamke." Hilo la ua la moyo lilimshtua kidogo. Lakini akajiambia labda huko aliko wamemfundisha adabu. Na usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, alipata usingizi.

Shida ilikuwa gauni. Kila alipouliza, sauti ilijibu, "Bado, mpenzi. Njoo Alhamisi." Alhamisi akaenda, akaambiwa bado. Akaenda nyingine, bado. Katikati ya hizo bado, Mama Pazia naye hakuwa na haya: alimletea sketi za kupunguza kiuno, na pindo la lile pazia jekundu alilipinda Mama Vishikizo mwenyewe.

"Mama, yule anakuchezea akili," binti alisema.

"Nyamaza! Unajua ilivyo kumsikia tena baba yako?"

"Sijui. Ninachojua ni kwamba nitaolewa nimevaa shuka."

Harusi ilipokaribia kabisa, binti aliamua kumsindikiza. Wakakaa kwenye kochi, feni ikilalamika. Mama Vishikizo akauliza swali lake kwa sauti ya kukata tamaa. Akikataliwa tena, mwanawe hana gauni.

"Mke wangu," sauti ikasema, "leo nimekubali."

Binti akashusha pumzi. Mama akafumba macho.

"Lakini kwanza mwandike majina yenu kwenye karatasi. Kisha uchukue mkasi wangu mkubwa, uikate hiyo karatasi vipande vidogo vidogo, umletee Mama Pazia avichome."

Mama Vishikizo akafumbua jicho moja.

"Mkasi upi?"

"Ule wangu mkubwa, mpenzi."

"Wa kitambaa?"

"Huo huo, ua langu."

"Nikatie karatasi?"

Binti alijifunika uso kwa viganja. Karatasi ndiyo hula makali ya mkasi, na mkasi ukishakuwa butu, hariri haikatiki, inatafunwa. Fundi alikuwa tayari kusamehe chochote duniani isipokuwa hilo. Binti alipokuwa mdogo aliwahi kukata mwanasesere wa karatasi kwa mkasi ule, na baba yake alipiga kelele mpaka majirani wakaja wakidhani nyumba inaungua. Shemeji mmoja wa Fundi aliyeutumia kufungulia bahasha hakusalimiwa mwaka mzima.

"Huyo si mume wangu!" Mama Vishikizo aliruka kutoka kwenye kochi. "Mume wangu angekufa mara ya pili kuliko kutamka hayo!"

Akalivuta pazia. Mama Pazia alikuwa amekaa kwenye kigoda, jagi tupu la plastiki ameliweka mdomoni kwa ajili ya kutia sauti uzito, macho yamemtoka pima.

Walitazamana. Kisha kicheko kile cha zamani kikalipuka. Mama Vishikizo alicheka akashika ukuta, akacheka akakaa chini.

"Dada, usinitangaze," Mama Pazia alisema akishusha jagi. "Ulikuja hulali, ukalala. Hilo nalo ni baya?"

"Kulala nililala, na ahsante. Lakini ungenilaza mpaka mwanangu aolewe amevaa shuka."

"Sasa habari za mkasi ningezijuaje?"

"Ndiyo hivyo! Wewe hukuzijua. Mimi ndiye ninayezijua."

Alilisema hilo kwa hasira tu, lakini njiani kurudi likawa linamzunguka. Kama alijua Fundi asingesema nini, basi alijua pia angesema nini. Asiguse mtu mpaka nirudi! Jamani, si ndiyo kauli yake ya kila siku? Aliisema akienda kununua uzi, akienda kunyoa, aliisema hata juu ya kikombe chake cha chai. Na kila Fundi alipotoka, mkewe alizigusa nguo alizokatazwa, akazimalizia. Fundi akirudi alikuta kazi imekwisha. Hakuuliza. Alipitisha kidole kwenye mshono, akaguna, kisha akadai chai.

"Nilisahau," alimwambia binti, machozi yakimtoka katikati ya barabara. "Nilimwogopa zaidi alipokufa kuliko nilivyomwogopa akiwa hai."

Siku ile ile alilishusha gauni ukutani. Mikono ikaingia, zipu ikakaa. Likabaki pindo, na pindo la Fundi lilikuwa na sharti: mwenye nguo apande juu ya meza ya kukatia akiwa na viatu vyenyewe vya harusi. Binti akapanda. Mama akazunguka na pini zimejaa mdomoni, akinong'ona kupitia kwenye meno.

"Simama wima, wewe! Au unaolewa umepinda?"

Binti akainama kumtazama.

"Mama. Sema tena."

"Niseme nini?"

"Hivyo hivyo. Na pini mdomoni. Ni baba huyo!"

Mama Vishikizo akasita, akalirudia lile neno, safari hii akajisikia mwenyewe. Wakalia wote wawili, wakacheka pia, na pini moja ikaanguka, wakaitafuta kwa magoti.

Pindo lilipokwisha, mama alipitisha kidole kwenye mshono, polepole, toka mwanzo hadi mwisho. Akaguna.

"Nani ananiletea chai?" akauliza.