Motokaa Iliyokwenda Kusalimia

Motokaa ya Bwana Miluzi ilipasuka injini siku ya Jumatatu, yapata saa nne asubuhi, katikati ya Mvumi na Dodoma, kwa kosa la kunyweshwa maji baridi ikiwa bado inachemka. Ng'ombe wanane waliikokota mpaka nyumbani kwake karibu na stesheni, ikaingizwa kwenye banda la mabati, na Matonya mhunzi akaitwa.

Ufa ulikuwa wa shubiri moja, kwenye chuma kinachozungukwa na maji. Chuma chenyewe kilikuwa cha kumimina, kile kisichotaka nyundo. Ukikigonga kinavunjika kama chungu. Dawa yake ilikuwa moja tu: kukipasha mpaka kiwe chekundu, kukinyunyizia unga mweupe wa kulehemia, kisha kuujaza ufa kwa shaba iliyoyeyuka. Kazi hiyo Matonya aliijua. Alikwisha kuziba masufuria ya wamisheni kwa njia hiyohiyo, na hakuna mchuzi uliovuja.

Bwana Miluzi alikuwa Mjerumani, na kazi yake ilikuwa kuitafutia reli vibarua. Reli ilikwisha kupita Dodoma, ilikuwa inaelekea Tabora, na jamani, ilikula watu. Walimwita Miluzi kwa sababu alipiga mluzi kutwa nzima, hata mtu akiwa amelazwa chini anachapwa viboko hamsa ishirini. Kipuri kutoka Ulaya kingechukua miezi mitano, naye hakuwa na miezi mitano. Alimtuma nyapara wake, Athuman, amwambie Matonya hivi: motokaa ikitembea, Yoramu atarudi nyumbani.

Yoramu alikuwa mdogo wake Matonya, tumbo moja. Alikwisha kutoroka kambi ya reli mara mbili, na sasa alikuwa Saranda anachimba udongo na mnyororo shingoni. Matonya hakuwa amelala vizuri tangu mavuno, na mavuno yenyewe yalikuwa madebe mawili ya uwele. Alikubali. Athuman akamletea shaba, bangili kumi na moja ndani ya kikapu. Hakusema zimetoka wapi, na Matonya hakumuuliza.

Sasa, katika ukoo wa Matonya, vyuma viwili visivyo vya nyumba moja haviunganishwi hivihivi tu. Vinaposana. Unatandika ngozi ya mbuzi, unaviweka kila kimoja upande wake, unaviuliza kwao ni wapi, navyo vinajibu. Mhunzi anayeruka hatua hiyo huona kiungo chake kinaachia kabla ya mwezi kuandama. Kwa hiyo Matonya alitandika ngozi ndani ya banda, akauliza.

Chuma kilijibu kwa Kiswahili cha bomani, kifupi. Kilisema kimetoka kwenye mlima wa baridi, hakina ndugu, na kipo tayari.

Bangili hazikuwa na haraka. Moja ilisema ni ya Dorkasi wa Chamwino, ya pili ikasema ni ya Mwantum wa Busi, zikaendelea hivyo mpaka ya kumi na moja. Kila moja ilieleza kwamba mwenyewe alimpa Athuman ili mumewe au mwanawe asipelekwe relini. Zilisema zimekubali kuolewa, ila kwa sharti moja: mwali haachi kwenda kusalimia kwao.

Matonya aliona sharti ni la haki. Kila mwali huenda. Tena alikuwa anamfikiria Yoramu. Akasema sawa, akavukuta moto wa mkaa wa mgunga, na jioni ufa ulikuwa umejaa shaba, kiungo kimekaa vizuri hata ukucha haukwami.

Bwana Miluzi alitimiza ahadi. Jumamosi Yoramu alifika kwa miguu, amekonda, shingo imechubuka pande zote. Anyesi, mkewe Matonya, alimpikia ugali wa uwele na mlenda. Alikula akimaliza sahani anaomba nyingine, na wote wakajifanya wanatazama kuku.

Motokaa nayo ilitembea. Ilifika Chamwino, ikaacha njia, ikapita kwenye shamba la watu na kusimama mlangoni kwa Dorkasi. Haikuondoka mpaka Dorkasi alipotoka, akaweka kiganja chake juu ya injini, akaitikia salamu. Mumewe alikuwa nyuma ya ghala la nafaka. Athuman alimwona, Bwana Miluzi naye akamwona, basi wakaondoka naye.

Bwana Miluzi hakuwa mjinga. Kufikia mlango wa tatu alikwisha kuelewa kwamba motokaa inasimama penye mtu aliyefichwa, na kwamba bangili zilizomo injinini ni rushwa aliyokula nyapara wake. Alimzaba kofi moja, kisha akamwacha na kazi yake. Ikawa wanatoka asubuhi na kamba ndefu, wanaiacha motokaa iende inakotaka. Kwa wiki mbili ilisalimia milango yote kumi na mmoja, hadi Busi, na wanaume kumi na mmoja wakapelekwa Saranda.

Dorkasi alikuja kwa Matonya. Alimwamkia, akaketi, akamwomba aitoe bangili yake ndani ya injini. Matonya alimweleza kwamba shaba ikishaungana na chuma haitoki mpaka uivunje injini.

"Basi ivunje," alisema Dorkasi.

Matonya alimtazama Yoramu, aliyekuwa amelala kivulini mdomo wazi. Aliona aibu, na aibu ile haikutosha kumfanya aivunje. Alimwambia Dorkasi atafikiria, naye Dorkasi akaaga.

Hakupata nafasi ya kufikiria. Milango ilipokwisha, motokaa ilianza kwenda barabarani tu kama motokaa nyingine, na haikumpata mtu yeyote. Bwana Miluzi alichukua nyundo akaipasua injini kwa mkono wake mwenyewe, shubiri moja pembeni mwa ufa wa zamani, akipiga mluzi. Akamtuma Athuman akakusanye bangili nyingine za kuizibia. Athuman alipita nyumba kwa nyumba, safari hii bila kificho, na maneno yake yalikuwa mafupi: asiyetoa, mtu wake anakwenda leo; anayetoa, mtu wake anakwenda siku motokaa itakapofika mlangoni kwake. Watu walitoa. Siku nazo ni kitu.

Matonya alitandika ngozi. Kikapu kilikuwa kizito, Yoramu akamsaidia kukibeba, kisha akaketi kwenye mivukuto. Anyesi alikuwa amewaletea uji, amesimama mlangoni mwa banda. Chuma kikasema maneno yake yaleyale. Matonya akazigeukia bangili, akauliza kwao ni wapi.

Ya kwanza kabisa ikasema, "Mimi ni ya Anyesi wa Matonya. Nimetolewa leo alfajiri kwa ajili ya Yoramu."

Matonya alimtazama mkewe. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mtupu, na mahali pa bangili palikuwa peupe kidogo.

"Athuman alikuja wewe umekwenda kuchukua mkaa," alisema Anyesi. "Mimina tu, Baba Ruthu. Usipomimina, wanamchukua leo."

Yoramu alikuwa amesikia. Aliuliza kutoka stesheni mpaka kwao motokaa huchukua siku ngapi ikipitia kwanza kwa wengine wote, na kaka yake akamwambia, labda ishirini, labda na moja au mbili zaidi. Yoramu akasema hizo ni nyingi, akaanza kuvukuta.