Sauti Katika Matete ya Ihefu

Waliokuwapo jioni ile ya Juni 1975, kando ya kinamasi cha Ihefu katika nyanda za Usangu, ni hawa: Budeba, mfugaji; Helena, mke wa Seni ambaye ni mdogo wake Budeba; mzee Jailos, mvuvi wa kambare wa kabila la Wasangu; nami, mwalimu wa shule ya kijiji. Seni hakuwapo. Siku ya kumi na moja ilikuwa inakwisha tangu alipoingia kwenye matete kumtafuta ndama.

Katika ukoo wao matanga hayawekwi bila maiti, isipokuwa mke atamke mwenyewe kwamba mumewe amekufa. Helena alikuwa hajatamka, kwa sababu kila jioni alimsikia.

Jua lilipoyagusa matete, sauti ilianza, ya chini, ya kuvuta: "Uuu... uuu..." Ndivyo Seni alivyowaita ng'ombe warudi zizini. Ng'ombe wote waliinua vichwa kwa pamoja, wakaelekea majini.

"Shemeji, unamsikia?" Helena aliuliza.

"Namsikia," alijibu Budeba. "Leo namfuata."

"Utamfuata kifaranga," alisema Jailos. "Huyo ni ndege mdogo anayeishi chini ya matete. Mimi niliyekulia hapa nimemwona mara mbili tu."

"Ndege gani anajua kuwaita ng'ombe wangu, mzee?"

"Waulize ng'ombe."

Niliwaomba tuthibitishe kwa utaratibu: kila mmoja afumbe macho na anyooshe mkono kule sauti inakotoka. Tulipofumbua, mikono minne ilielekea pande nne. Wa Helena ulielekea chini, miguuni pake.

Alipiga magoti, akapekua nyasi. Ndege mwenye kichwa chekundu alichomoka, akakimbia juu ya majani yaliyoelea bila kuyazamisha. Pale alipotoka palikuwa na kiota chenye mayai matatu meupe, na kati ya nyasi zake zilisokotwa nyuzi za bluu. Helena alizishika kwa muda mrefu.

"Ni za mgolole aliojifunga Seni siku ile. Pindo lake nililishona mimi kwa nyuzi hizi."

Akakanyaga pale ndege alipopita. Ardhi ilinepa, maji meusi yakampanda hadi gotini. Budeba alimvuta.

Sauti ikalia tena, safari hii nyuma yetu, upande wa nyumba. Ng'ombe wakageuka. Budeba naye akageuka.

Helena hakugeuka. Alizirudisha nyuzi kiotani.

"Shemeji, Seni amekufa," alisema. "Kesho tunaweka matanga. Na ng'ombe uwahamishe hapa kesho hiyo hiyo, kabla jua halijachwa na sauti haijawaita."