Unga wa Magunzi

Wakesho aliisikia harufu ya uji akiwa bado bondeni, jembe begani. Miguu ikasimama yenyewe. Nyumbani hakukuwa na unga. Wa mwisho walisongea ugali juzi, wakakwangua sufuria, na mwaka ule wa ukame lori la msaada lilikuwa halijafika Kishushe. Basi huo uji umepikwa kwa unga gani?

Ndipo akaukumbuka ule ungo aliouacha jikoni.

Kisima chao kilikuwa mteremkoni, chini ya shimo lililoachwa na watafuta madini. Mvua ya mwisho ililijaza shimo, maji yakateremkia kisimani, na mbuzi waliokunywa wakaanza kutetemeka miguu, wakafa mmoja mmoja. Maji mengine yalikuwa mbali, kwenye njia ya ndovu. Bwana Obadiah, fundi wa maji kutoka Voi, akaja kuwaonyesha akina mama la kufanya: magunzi makavu ya mahindi yatwangwe mpaka yawe unga, ukorogwe ndani ya maji, uachwe utulie, kisha maji yachujwe kwa kitambaa.

"Madini yenye sumu hushikamana na huo unga," aliwaambia. "Lakini sumu haijafa, akina mama. Imehama tu. Mkishachuja, unga uzikeni mbali na watoto. Sumu hii haina ladha, haina harufu, wala haikuangushi leo. Inajikusanya mwilini polepole."

Wakesho aliuzika kila siku. Ila jana jembe lilikuwa kwa jirani yake Dinah, na unga uliotolewa majini akauacha ungoni, maana bila jembe shimo lingekuwa fupi na mbwa wangeufukua. Jioni mama mkwe wake, Syokau, akaingia kutoka Mtito Andei, vumbi mpaka kwenye kope. Wakesho akampokea mzigo, akamtandikia, wala hakumwambia habari ya ule ungo. Utaanzaje kumwambia mama mkwe aliyetoka safari, usiguse hiki?

Sasa alikimbia kwenda nyumbani. Miiba ikamshika leso, akaiacha huko huko.

Jikoni mwanawe Kituku alikuwa ameketi mkekani, kijiko mkononi, bakuli la uji mbele yake. Wakesho alilipiga teke bakuli likagonga ukuta. Mtoto akaangua kilio.

"We! Umerukwa na akili?" Syokau akainuka. "Njaa yote hii unamwaga chakula cha huyu mjukuu, mume wangu?"

"Amekula? Mama, amekula?"

"Teremsha sauti. Unanipigia kelele mimi?"

Wakesho akapiga magoti. Alimpanua mtoto kinywa, akapitisha kidole kwenye fizi, chini ya ulimi, akakitazama kidole kwenye mwanga. Mate matupu. Akakinyakua kijiko. Kikavu.

"Hajagusa," Syokau alisema, sasa kwa sauti ya mtu anayeanza kuogopa asichokijua. "Niliukuta unga ungoni, nikasema huyu msichana anaficha, na sikukulaumu. Lakini ulikuwa na chembechembe, sikuujua ni wa nini. Nikala mimi kwanza, bakuli zima. Mimi nimekula chumvi nyingi, nikifa nife, mume wangu abaki. Nikasema jua likifika pale kwenye jiwe la kusagia nami ni mzima, ndipo nimpe."

Wakesho aligeuka. Jua lililopenya mlangoni lilikuwa limeshalamba ukingo wa jiwe.

Alimweleza yote, maneno yakipandana. Syokau alisikiliza mkono ukiwa tumboni.

"Mbona sisikii kitu?"

"Ndivyo ilivyo, mama. Haisikiki."

Walichimba wote wawili mbali nyuma ya nyumba, mkwe akishika jembe, mama mkwe akikokota sufuria. Uji, unga uliobaki, na bakuli vikaingia shimoni. Syokau akakanyaga udongo kwa miguu miwili, akajaribu kucheka. "Nikifa msinilaze karibu na huu uji. Haukuwa hata mtamu." Wakesho hakuweza kucheka. Alikuwa akitazama miguu ya yule mama, aone iwapo inatetemeka.

Ndani, alimchotea maji kwenye mtungi wa maji yaliyochujwa, maangavu mpaka chini ya kikombe pakaonekana. Syokau akakishika kikombe kwa muda mrefu bila kunywa.

"Na haya je? Unajuaje kwamba sumu yote ilitoka?"

Bwana Obadiah alichukua chupa ya maji hayo kwenda kuyapima, akaahidi kurudi na jibu. Alikuwa hajarudi. Siku zote hizo Wakesho alikuwa amemnywesha mtoto akiamini kwa sababu yanang'aa.

"Sijui, mama," akasema.

Kituku akajivuta mpaka magotini pake, midomo imekauka kwa kulia. "Maji," akasema. "Mama, maji."

Wanawake wakatazamana. Nje jua liliwaka kama jana, na njia ya ndovu ilikuwa mbali kama jana. Wakesho akakipokea kikombe kutoka kwa mama mkwe wake, akamwaga nusu, akakishikilia kikombe chenye nusu iliyobaki kwenye midomo ya mwanawe, na kila mtoto alipomeza, yeye akaitazama miguu yake midogo.