Robota Lililonuswa Mara Tatu

Mama Zipu hakuhitaji kufungua robota la mitumba ili ajue lina nini. Aligonga kona kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Jaketi za michezo za zamani, zile za wabunifu wenye majina, huchakarika kama karatasi ya pipi, na zipu zake za chuma hujibu kwa ndani. Taulo halijibu kitu. Linanyamaza kama mume aliyechelewa kurudi.

Masikio hayo ndiyo yaliyomlisha miaka ishirini, na ndiyo aliyoyatia doa shemeji yake, mume wa marehemu mdogo wake, mwenye ghala la jumla. Alimuuzia robota ambalo Mama Zipu aliligonga jana yake likaitika vizuri kabisa. Alipolikata kibandani mbele ya wateja, zikamwagika suruali za kulalia. Mshono wa ubavuni ulikuwa na uzi mpya. Watu wakacheka, wakasema bibi kazeeka masikio. Hata dada mwenye duka la nguo lenye vioo, mteja wake mkubwa, akahamia kwa shemeji.

Alipokwenda kulalamika, shemeji alikuwa anachokonoa meno.

"Robota ni bahati, shemeji. Ukishakata kamba, ni lako."

Hakubishana. Aliiweka ile kauli moyoni, akaitunza kama yai.

Alikwishang'amua jambo moja: shemeji hakuweza kutofautisha jaketi na dekio. Alichosoma ni uso wa Mama Zipu. Robota lililompendeza ndilo alilolifumua usiku na kubadilisha vya ndani.

Basi mzigo mpya ulipoingia, alijitia manukato akaenda. Lililokuwa chini ya ngazi alilipa gonga moja. Likachakarika mpaka moyo ukaruka. Akakunja pua kama aliyekanyaga kitu. La mlangoni lilikuwa bubu kama ukuta. Hilo akalinusa mara tatu, akafumba macho, akaacha mkono utetemeke. Magoti yake ndiyo hutetemeka. Mikono haina neno.

Akaliomba lile la mlangoni kwa unyenyekevu wa kutia huruma. Shemeji akasikitika sana, akasema lina mwenyewe tayari, achukue tu lile la chini ya ngazi. Akanung'unika kiasi cha kuaminika, akalipa, kisha akalikalia papo hapo ili lisipate uzi mpya, akisingizia kungoja mkokoteni.

Kumbe alikwishamtumia ujumbe dada wa duka kwamba shemeji kamnyima robota la ndoto. Dada akafika upesi na wanunuzi wenzake wawili, kabla shemeji hajashika wembe. Shemeji akalisifu robota la mlangoni mpaka mate yakamruka. Jaketi tupu, akaapa, hata Mama Zipu kalililia. Dada akataka likatwe mbele ya macho yake.

Kamba ikakatika. Yakatoka mataulo, na mataulo chini ya mataulo.

Mama Zipu akainuka taratibu, akakata kamba ya lake, akavuta jaketi moja ya bluu na kupandisha zipu mpaka juu. Mlio wake ukajaza ghala.

Dada akapiga magoti kando ya robota lile, akaanza kuchagua bila kumtazama shemeji tena.

"Robota ni bahati, shemeji," Mama Zipu akasema, akaokota taulo moja sakafuni na kujifuta jasho. "Taulo hili nitaondoka nalo. Joto la humu limezidi."