Shingoni mwa Lea

Tumpe hakujua kuogelea, wala hakuona aibu kulisema. Alizaliwa milimani Rungwe, ambako mito ni ya kuchota maji na kufulia nguo, si ya kuchezea. Lakini likizo ile ya Juni, walipotoka Mbeya na gari lao kwenda Iringa kwa wakwe zake, mumewe Kalinga alikuwa amemwahidi binti yake kwamba watapanda boti la mpira kwenye maporomoko ya Ruaha Mdogo. Lea alikuwa na miaka kumi na mitano. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa darasa la tatu, na Tumpe, aliyeolewa mwaka uliopita, alikuwa bado anaitwa "anti".

Asubuhi ya safari ya mtoni, mgongo wa Kalinga ukagoma. Kushika usukani kutoka Mbeya kulikuwa kumemmaliza.

"Basi tuahirishe," akasema.

Lea aliinama, akaanza kufungua kamba za viatu alivyokuwa ameshavifunga. Hilo ndilo lililomponza Tumpe.

"Nitakwenda naye mimi," akajisikia anasema.

Saulo, mwenye boti, aliwavalisha majaketi okozi ya rangi ya machungwa na kofia ngumu. Akawaeleza kwamba boti likipinduka walale chali, miguu mbele, na wasishikane. Tumpe alisikia neno moja tu: likipinduka. Kalinga akaondoka na gari taratibu kwenda kuwangoja darajani, huko chini.

Mwanzoni mto ulikuwa mpole. Lea alipiga kasia huku akicheka. Kisha, kabla hajaona chochote, Tumpe akasikia ngurumo nzito, kama mashine zote za kukoboa mpunga za Ubaruku zimewashwa kwa pamoja.

"Kaka Saulo, hapa hatuwezi kushuka tukatembea?"

"Tumeshaingia, dada. Pigeni kasia! Pigeni!"

Boti lilitumbukia, likagonga mwamba, likasimama upande. Saulo alipiga kelele ambazo hazikusikika. Halafu yakawa maji matupu.

Baridi ilimkata pumzi. Hakujua juu ni wapi wala chini ni wapi. Maji yalimwingia puani, yakambiringisha, goti likajigonga kwenye jiwe. Kichwa kilipoibuka akaona kitu cha rangi ya machungwa mbele yake. Akakirukia, akakikumbatia kwa nguvu zote, akakipanda. Akavuta pumzi. Kila alipovuta pumzi, kitu kile kilizidi kuzama.

Alijua ni nini. Baadaye, hilo ndilo lililomnyima amani: kwamba alijua. Aliyoikaba ilikuwa shingo ya Lea, na mikono haikukubali kuachia.

Maumivu makali yakamchoma kwenye kiganja. Mikono ikafunguka yenyewe, mto ukamchukua, ukamtupa kwenye kina kifupi penye mchanga. Akatambaa kwa magoti, akaanza kupiga mayowe.

"Lea! Lea! Kyala, Mungu wangu, mtoto wa watu!"

Hakuna aliyejibu. Mto ulinguruma tu. Tumpe aliendelea kuita hadi alipomwona Saulo anatokea nyuma ya mwamba, akimburuta Lea kwa mikanda ya jaketi. Msichana alikohoa, akatapika maji, akakohoa tena.

Walikwenda darajani kwa miguu. Hakuna aliyetaka kuliona tena lile boti. Kalinga aliwakimbilia, mgongo kausahau, akamshika mkewe mkono uliokuwa unavuja damu.

"Umefanyaje hapa?"

"Nimemng'ata mimi," Lea akasema kwa sauti iliyokauka.

Tumpe aliogopa kuliko alivyoogopa majini. Angeweza kunyamaza.

"Nilimkaba, baba Lea. Nilimpanda, akazama. Asingening'ata, ningemuua."

Kalinga aliwatazama wote wawili kwa zamu. Alifungua mlango wa nyuma, akamwingiza Lea, akamfunika blanketi, akaenda kuwasha gari ili lipate joto.

Tumpe alibaki amesimama nje, hajui kama aingie.

"Anti," Lea akaita. "Njoo ukae huku nyuma. Nikifumba macho naona maji."

"Huniogopi?"

Lea alijisogeza hadi mlango wa pili.

"Nakuogopa," akasema. "Lakini njoo."

Tumpe akaingia. Kati yao waliacha nafasi ya mtu mmoja, na gari lilipanda mlima mpaka Iringa mjini pasipo yeyote kati yao kufumba macho.