Mstari wa Mtaa wa Juu

Meneja wa idara ya maji aliitwa Karatasi. Si kwa wembamba, maana tumbo lake lilitangulia kuingia mlangoni, bali kwa kuwa hakuamini kitu mpaka kichapwe. Hata picha ya mjukuu wake aliyotumiwa kwenye simu aliichapa kwanza kwa wino wa ofisi, ndipo akasema mtoto kapendeza.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeletewa chati ya kubonyezwa.

Mchambuzi wa takwimu aliiunda kwa lugha ya programu ya Python, ikae kwenye tovuti ya idara. Ilionyesha maji yanayofika kila mtaa, na kila mtaa una mstari na rangi yake. Ukisogeza kipanya juu ya mstari, tarakimu inajitokeza. Ukibonyeza jina la mtaa pembeni, mstari unazimika. Ukilibonyeza tena, unarudi. Kwa chati hiyo kamati ya madiwani ingeamua pampu mpya ifungwe wapi, na pampu ilikuwa moja tu.

Karatasi aliigongagonga kwa kalamu nakala aliyochapiwa.

"Huu mwekundu uliolala chini kama chura aliyekanyagwa ni wa nani?"

"Mtaa wa Juu, bosi. Wanapata maji saa nne tu kwa wiki nzima."

"Unatuaibisha. Utoe."

"Siutoi. Ni vipimo vya mita zetu wenyewe."

"Basi uzime. Si umesema inazimika?"

"Inazimika. Ila jina linabaki pembeni, limefifia. Msomaji akilibonyeza, mstari unarudi."

"Binti, nani atabonyeza karatasi?"

Mchambuzi aligeukia kompyuta yake. Habari ya tovuti alikwisha kumweleza, tena kwa maneno mepesi. Kuirudia kungekuwa kumpigia mbuzi gitaa. Ni kweli mama mkwe wake aliishi Mtaa wa Juu, lakini mita hazijui mkwe. Saa nne zingebaki nne hata mtaa ungejaa watu asiowajua. Mstari usipoonekana, pampu ingekwenda Mtaa wa Bustani, ambako Karatasi mwenyewe alikuwa akimwagilia nyasi mchana kweupe.

Akabadilisha neno moja kwenye programu, mstari mwekundu ukazimika, akachapa nakala nyingine. Karatasi akaandika "SAWA" juu yake, na chati ikawekwa kwenye tovuti.

Jioni mama mkwe alipiga simu.

"Mwanangu, nimefungua hicho kitu chenu. Sisi tumekufa?"

"Hamjafa, mama. Jina lenu liko pembeni, lile lililofifia. Liguse."

Mama mkwe akaligusa. "Eh! Umetokea! Mbona umelala sakafuni hivi?"

"Ndivyo mnavyopata maji."

"Tunavyopata tunajua. Tulidhani nyie ndio hamjui. Ngoja niwarushie majirani."

Siku ya kikao, Karatasi aligawa nakala zake. Mistari ilipanda kwa adabu, na madiwani wakatikisa vichwa kama mijusi ukutani. Ndipo diwani wa Mtaa wa Juu akasimama na simu mkononi.

"Meneja, wapiga kura wangu hawajaniacha nilale kwa ajili ya hii."

Akaiunganisha na skrini kubwa, akagusa jina la mtaa wake. Mstari mwekundu ukachomoza chini kabisa.

"Rudia," mwenyekiti akasema. Diwani akauzima, akauwasha. "Hebu tena."

"Hiyo siyo niliyoidhinisha!" Karatasi akageuza nakala yake, akatazama mgongoni, utadhani mstari ulijificha huko.

"Ni ile ile, bosi," mchambuzi akasema kutoka kiti cha nyuma. "Nilikuambia jina likibonyezwa, mstari unarudi."

"Umenitega!"

"Mtu hategwi kwa kuambiwa," mwenyekiti akamkata. "Wewe tujibu hili tu: mstari huu ulizimwa kwa nini?"

Karatasi alikohoa, akanywa maji, akakohoa tena.

Kura zikapigwa, pampu ikapewa Mtaa wa Juu. Mchambuzi hakushangilia. Pale mlangoni aliwakuta madiwani wawili walioipigia kura, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka ni saa ngapi za maji. Walikuwa wakisifu jinsi ile nyekundu ilivyokolea. Akawapita bila salamu.